Mwamba Ngoma na Chekechea

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama wetu, mtumishi wa serikali ya kaunti katika idara ya elimu, kwenye chakula cha jioni cha mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponialika niseme machache alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lolote, ila akaniomba nisiingie katika siasa. Nimejitahidi, Bwana Katibu. Lakini kazi yangu ni elimu ya watoto wadogo, na elimu hiyo siku hizi imo mikononi mwa wanasiasa kuliko elimu nyingine yoyote katika nchi yetu ya Kenya. Nikiukaribia moto huo mtanisamehe.

Nianze na mkate. Wale mliokula katika bwalo letu mnakumbuka kwamba Jumamosi asubuhi meza ya watu wanane ilipewa mikate miwili, na mmoja wetu kwa zamu alishika kisu. Sheria ya meza ilikuwa moja tu: akataye huchukua mwisho. Nilipokuwa kidato cha pili tulikuwa na mwenzetu mmoja (yumo humu ndani, namwona anacheka) aliyegundua namna ya kukata kwa mshazari, hata kipande kilichoonekana kidogo kwa juu kikawa kikubwa kwa chini. Sisi tukikiacha kwa hiari yetu wenyewe, wiki baada ya wiki, mpaka muhula ukaisha. Hatukuweza kumshtaki kwa kiranja, maana sheria ameitimiza.

Nimemkumbuka sana mwenzetu huyo katika miaka hii ya karibuni, nikiketi katika vikao vya kutengeneza sheria za chekechea.

Kwa wale ambao watoto wao wamekwisha kuwa watu wazima na hawafuatilii tena mambo haya, niruhusuni nieleze kidogo. Zamani chekechea hazikuwa mali ya serikali. Baada ya uhuru zilijengwa kwa harambee. Akina mama walitafuta chumba kanisani au msikitini, na wakikosa walikaa chini ya mwembe, wakachanga pesa za kumlipa msichana mmoja aliyemaliza shule ya msingi awatunzie watoto wao wakiwa shambani. Mpaka mwaka 1980 hata wizara iliyozisimamia haikuwa ya elimu. Mwaka 1984 ndipo kilipoanzishwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo katika Taasisi ya Elimu ya Kenya, na walimu wa chekechea wakaanza kupata mafunzo ya kueleweka. Huku kwetu pwani, katika miaka hiyo hiyo ya 1980, ulianza Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan, mpango ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Yote hayo yalitegemea michango, na mama aliyekosa cha kuchanga mtoto wake alibaki nyumbani.

Ilipofika mwaka 2003, serikali ilipofuta ada za shule za msingi, likatokea jambo ambalo wengi hawakulitazamia. Wazazi maskini waliwaondoa watoto wao chekechea, ambako bado walilipa, wakawangoja mpaka wafike umri wa darasa la kwanza, ambako hawalipi kitu. Mwaka huo mimi nilikuwa nimehitimu Chuo Kikuu cha Kenyatta, nikapelekwa kufundisha, nikaona darasa la kwanza lenye watoto zaidi ya mia, na wengi wao hawajawahi kushika kalamu.

Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2010. Nyongeza yake ya Nne imezikabidhi kaunti elimu ya awali pamoja na mahali pa kulelea watoto na vyuo vya ufundi vya vijijini, na mengine yote ya elimu yamebaki kwa serikali kuu. Kwa hiyo tangu mwaka 2013, kaunti zetu 47 zilipoanza kazi, darasa la mtoto wa miaka minne na mitano ndilo darasa la shule ambalo kaunti inaweza kusema, hili ni langu. Mwalimu wa darasa la kwanza huajiriwa na Tume ya Kuajiri Walimu, na mwalimu wa chekechea aliye katika chumba cha pili cha jengo hilo hilo huajiriwa na kaunti, kwa mshahara ambao sitautaja mbele ya wageni. Mwaka 2021 ikapitishwa Sheria ya Elimu ya Watoto Wachanga, iliyopitia Seneti, ili kuweka mfumo mmoja katika kaunti zote. Lakini kila Bunge la Kaunti lina uwezo wa kutunga sheria yake na kanuni zake, na mengi yamefanya hivyo au yako njiani.

Sasa swali langu la usiku huu ni hili: anayetunga sheria hizo ni nani, naye chekechea zina uhusiano gani na mfuko wake?

Watu wengi wakisikia neno mgongano wa maslahi humfikiria mwizi. Hufikiria mheshimiwa aliyepokea bahasha usiku. Huyo kwangu ni jambo rahisi, kwa sababu yeye mwenyewe anajua anachokifanya. Tabu yangu ni kwa yule mtu mwema mwenye nasari. Na chekechea ndicho chombo chepesi kuliko vyote kwa mtu wa kipato cha kati kukimiliki. Hospitali hatuwezi kuijenga, kiwanda hatuwezi, shule ya sekondari inataka maabara na bweni. Nasari ni vyumba viwili nyuma ya nyumba, bembea moja, rangi ya manjano ukutani, na mwalimu mwenye subira. Ndiyo maana ukienda katika kaunti yoyote utawakuta wakubwa wengi wenye nasari, au mke anayo, au shemeji, au kiwanja chake kimepangishwa kwa mwenye nasari.

Tena, ndugu zangu, mtoto wa miaka minne hana mtetezi. Hana mtihani wa taifa ambao matokeo yake yatatangazwa na kumwaibisha mtu, na hana chama. Akisomea chumba chenye joto na choo kibovu, hatajua kwamba kuna namna nyingine.

Tazameni yaliyomo katika sheria ya namna hii. Kuna kifungu cha ukubwa wa darasa na idadi ya vyoo. Kikiwa kikali, nasari ndogo za mitaa ya maskini zitafungwa na watoto watahamia kwa mwenye nasari kubwa; kikiwa legevu, mwenye nasari ndogo ataendelea kupokea ada bila kujenga kitu. Kuna kifungu cha muda ambao wenye nasari wanapewa wa kujirekebisha. Ada ya leseni imo, na cheti cha mwalimu kimo pia, nacho kitaamua mshahara. Kuna mahali madarasa ya umma yatakapojengwa, na nani atapewa kazi ya kuyajenga. Siku hizi kaunti kadhaa zinawapa watoto chakula au maziwa (Nairobi ilianza mpango wake wa chakula mwaka 2023, mzazi akichangia shilingi 5 kwa sahani), na penye sufuria kubwa namna hiyo kuna anayeuza mchele. Hakuna hata kimoja katika vifungu hivi ambacho hakihamishi fedha kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Wazee wetu walisema mwamba ngoma huvutia kwake, nao hawakusema kwamba mwamba ngoma ni mwizi.

Naomba sasa niseme habari yangu mwenyewe, kwa sababu si haki kuwasema wengine na mimi nimejificha.

Mke wangu ni mwalimu wa chekechea mwenye cheti. Alianza nasari yake mwaka 2013 na watoto kumi na wanane katika vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu. Sasa wako tisini na zaidi. Mimi nilihamia utumishi wa kaunti mwaka uliofuata. Kila baada ya miaka miwili, kama sheria ya maadili ya maofisa wa umma ya mwaka 2003 ilivyotaka, nilijaza fomu ya kutangaza mali yangu na ya mke wangu na ya watoto, nikaandika nasari ile kwa herufi kubwa, nikatia katika bahasha, nikaifunga, nikaikabidhi. Dhamiri yangu ilikuwa safi kabisa. Sikuwahi kujiuliza ni nani huifungua bahasha ile.

Mwaka 2019 idara yetu ilitengeneza rasimu ya mswada wa elimu ya awali wa kaunti, nami nikateuliwa kuwa katibu wa kikundi cha kuandika. Rasimu ya kwanza ilizipa nasari za watu binafsi mwaka mmoja wa kutimiza masharti ya vyoo na ukubwa wa darasa. Usiku mmoja, nikiwa peke yangu ofisini nasafisha maandishi, nilifuta neno “mmoja” nikaandika “mitatu”.

Nilikuwa na sababu zangu, na niliziamini. Mwaka mmoja ungezifunga nasari nyingi za mitaa ya maskini, ambako kaunti yenyewe haijajenga hata darasa moja. Watoto wale wangerudi nyumbani. Hoja hiyo nilikuwa tayari kuitetea mbele ya mtu yeyote, na hata leo ninaamini ni ya kweli. Lakini pia ilikuwa kweli kwamba nasari ya mke wangu ilikuwa na vyoo viwili kwa watoto zaidi ya sabini, na kwamba ada za kijana wetu wa kwanza zilitoka hapo. Hoja moja ilikuwa ya watoto na ya mfuko wangu kwa wakati mmoja, nami nilipoishika kalamu sikuweza kujua ni ipi iliyousukuma mkono. Nathubutu kusema hakuna mtu anayeweza kujua, hata akiwa mcha Mungu namna gani.

Hakuna aliyeniuliza. Rasimu ikaenda katika kamati ya Bunge la Kaunti, na huko ikakutana na watu wa kila namna. Mheshimiwa mmoja, ambaye nilijua ana shule kubwa yenye basi, alitaka muda uwe miezi sita, naye alizungumza kwa uchungu juu ya usalama wa watoto, na kila alilosema lilikuwa sawa. Mwingine alileta pendekezo jipya: kwamba darasa la umma lisijengwe karibu na nasari ya mtu binafsi iliyosajiliwa, ili wasigombanie watoto. Pendekezo hilo lilipokelewa vizuri sana mezani. Tulijadili umbali kwa muda wa saa nzima, kana kwamba ni vituo vya mafuta.

Kisha ikafuata siku ya kuwasikiliza wananchi, kama Katiba inavyotaka. Ukumbi ulijaa. Mama mmoja, mwalimu wa chekechea ya umma, mtu mzima aliyejifunga leso mabegani, alipopewa nafasi hakusoma karatasi. Alisema: “Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujaendelea, mimi naomba kujua kitu kimoja tu. Hapo mezani penu, ni nani mwenye nasari?”

Bwana Mwenyekiti, nimekaa katika vikao vingi, lakini ukimya ule nausikia mpaka leo. Feni ilikuwa inazunguka. Mwenye shule yenye basi alitazama simu yake. Yule wa umbali alitazama dirishani. Mimi nilikuwa katibu, nikatazama daftari, na najua niliandika kitu, lakini daftari ninalo na ukurasa ule una tarehe tu. Mwenyekiti wa kamati akasema swali hilo haliko katika ajenda, akamwomba mama atoe maoni yake juu ya vifungu. Mama akajibu kwamba hayo ndiyo maoni yake, akaketi.

Juma lililofuata nilimwandikia mkubwa wangu barua nikimweleza habari ya mke wangu na nikiomba nitolewe katika kikundi kile. Alicheka kwa wema. Akaniambia, “Ukitoka wewe, tutabaki na nani anayeijua kazi?” Nami, badala ya kusisitiza, nilifurahi kwamba nimeambiwa nibaki. Hilo ndilo ninaloliona kuwa kosa langu kubwa, kupita hata kule kufuta neno.

Mswada ule haukufika mwisho. Muhula wa Bunge uliisha kwa uchaguzi wa Agosti 2022 nao ukafa. Lakini pendekezo la umbali, ingawa halikuwa sheria, liliendelea kuishi. Kuna kijiji kimoja kando ya barabara kuu ambacho kilikuwa kimewekwa katika mpango wa kujengewa darasa, na karibu yake kuna nasari ya mtu binafsi. Fedha zile zilihamishiwa wadi nyingine. Mpaka sasa akina mama wa kijiji kile wasioweza kulipa huwavusha watoto wa miaka minne barabara ya malori, asubuhi na adhuhuri. Nimesimama pale nikawatazama. Hushikana mikono mstari mzima, mkubwa wao akiwa na miaka sita.

Mtaniuliza, je, sheria haisemi kitu? Inasema sana. Kifungu cha 75 cha Katiba kinamtaka ofisa wa dola ajiepushe na mgongano kati ya maslahi yake na kazi ya umma, na Katiba hiyo hiyo inamhesabu mjumbe wa Bunge la Kaunti kuwa ofisa wa dola. Kifungu cha 122 kinakataza mbunge kupiga kura juu ya jambo ambalo ana maslahi ya fedha ndani yake. Na mwaka 2025 tumepata Sheria ya Mgongano wa Maslahi, ambayo Rais aliirudisha Bungeni kwanza kabla ya kuitia sahihi mwezi wa Julai, nayo imeifuta ile ya 2003 na kuipa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi kazi ya kuisimamia. Inahusu mke, mume na jamaa, na inamtaka mtumishi atangaze maslahi yake katika jambo lenyewe linalojadiliwa. Siku nilipoisoma nilihisi kama mtu aliyeandikiwa barua kwa jina lake.

Lakini angalieni, kukataza kupiga kura ni kumnyang'anya mtu kisu wakati mkate umekwisha kukatwa. Mambo ya chekechea huamuliwa katika rasimu, usiku, na katika kamati, mbele ya watu saba na birika la chai. Kura ya mwisho ni sherehe.

Kuna hoja nyingine ambayo mheshimiwa mmoja, rafiki yangu, aliniambia kwa ukweli kabisa: kila mwenye nasari akitoka chumbani, hatutapata akidi, na watakaobaki hawatajua chochote juu ya nasari. Hoja hii si ya kupuuza, wala si yetu peke yetu. Nimesoma kidogo habari za majimbo ya Marekani, ambayo kila moja lina bunge lake na sheria zake za elimu ya awali. Jimbo la New Mexico, kwa mfano, lilitunga mwaka 2019 sheria ya kuanzisha idara nzima ya watoto wadogo, na mwaka 2022 wapiga kura wakakubali sehemu ya mapato ya mfuko wa kudumu wa ardhi ya jimbo itumike kwa elimu hiyo. Wabunge waliotunga sheria ile hawakuwa na mshahara, ila posho ya siku, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kazi nyingine ya kumlisha. Katika majimbo mengi ya huko wamejiwekea kanuni kwamba mjumbe anaweza kupiga kura ikiwa jambo linamgusa sawasawa na wenzake wote wa kazi ile, si yeye zaidi ya wengine. Mwalimu anapiga kura juu ya mshahara wa walimu wote, lakini si juu ya kandarasi ya kampuni yake.

Kanuni hiyo ina busara, ila kwa nasari nina shaka nayo. Wenye nasari wote hawaguswi sawasawa. Masharti yanayomwinua mwenye basi ndiyo yanayomzamisha mwenye vyumba viwili. Yule mheshimiwa wa miezi sita na mimi wa miaka mitatu tulikuwa wa kazi moja, na kila mmoja alikuwa akivuta ngozi upande wake.

Mimi nisingependa wenye nasari wafukuzwe chumbani. Wanajua ada haifiki kwa wakati, wanajua mtoto wa miaka minne anakwenda choo mara ngapi. Bila wao tutatunga sheria za kuchekesha. Ninachotaka ni kwamba siku ya kwanza ya kikao, kabla ya chai, kila mmoja aseme: mimi nina nasari mtaa fulani, ina watoto kadha wa kadha, na iandikwe katika kumbukumbu zinazosomwa na watu, badala ya bahasha iliyofungwa. Kifungu kinachomgusa kikifika, ajibu maswali, kisha anyamaze. Na ofisa anayeshika kalamu, huyo asiwe na nasari hata kidogo, kwa sababu yeye hana anayemtazama.

Wazee wetu mliomo humu mtasema haya ni matunda ya zamani, na mna haki. Mwaka 1967 jirani zetu wa Tanzania, katika Azimio la Arusha, walimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa, wala nyumba za kupangisha. Sisi mwaka 1971 tulipokea ripoti ya Tume ya Ndegwa, iliyomruhusu mtumishi wa serikali kufanya biashara alimradi atangaze. Ruhusa tuliichukua mara moja. Kutangaza tukaacha kwa ajili ya baadaye. Wenzetu nao miiko yao waliilegeza Zanzibar mwaka 1991, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake. Wala siwezi kuilaani ruhusa ile. Bila nasari ya mke wangu, mshahara wangu usingesomesha watoto wanne.

Sasa nije katika jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa. Mswada mpya wa elimu ya awali umeletwa katika kaunti yetu, na mkutano wetu wa asubuhi ya leo umeamua kwamba Chama hiki kipeleke maoni yake, kwa kuwa Chama cha watu waliosoma hakiwezi kunyamaza. Uamuzi mzuri. Mkateua kamati ya watu watano kuandika maoni hayo, nami mkaniweka wa kwanza kwa sababu, mlisema, naijua kazi. Maneno hayo nimekwisha kuyasikia mahali pengine.

Wakati wa chakula cha mchana nimehesabu. Katika watano hao, kwa ninavyofahamu, wanne tuna nasari, sisi wenyewe au nyumbani kwetu. Wa tano ana kiwanda cha matofali. Sisemi hivi kumvunjia mtu heshima. Ni ndugu zangu, tumelala bweni moja na tumekula kile kipande cha mshazari pamoja.

Mimi nimemwandikia Katibu barua ya kujitoa, na safari hii sitafurahi nikiombwa nibaki. Nimetaja ndani yake nasari ya mke wangu, idadi ya watoto, na idadi ya vyoo, ambavyo sasa ni vitano. Nawaomba wenzangu watatu, na huyo wa matofali, waamue wenyewe; lakini maoni ya Chama yatakapopelekwa, ukurasa wa kwanza uwe na majina ya waandishi na kila alicho nacho, kabla ya hoja yoyote. Na kabla hamjaandika neno juu ya umbali wa madarasa, nina gari hapa nje lenye nafasi ya watu wanne. Jumatatu saa kumi na mbili na nusu asubuhi nitakuwa pale barabarani, mahali akina mama wanapovusha watoto. Anayetaka kwenda aniambie usiku huu.